NILIMCHANA FUNDI MTANDAONI, KUMBE KOSA LILIKUWA LANGU: Kisa cha Betri Tatu na Land Rover ya Babu

Leo sina stori ya staa aliyeachwa wala ya nani kanunuliwa gari na nani. Leo stori ni yangu mwenyewe, na kusema ukweli imenichukua wiki kadhaa kuiandika. Humu ndani nimezoea kuwaanika wengine. Kujianika ni kazi nyingine kabisa.

Wale wa siku nyingi mnaikumbuka ile posti ya Desemba, "Fundi Aliyeharibu Harusi". Hakuna posti yangu iliyowahi kusomwa vile. Mlicheka, mkasambaza kwenye magrupu ya WhatsApp, wengine mkatukana hadi nikashangaa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi nahesabu viu kama mtu anayehesabu hela za mchezo.

Ile posti nimeifuta. Kaa hapa nikwambie kwa nini.

Babu yangu mzaa mama ana Land Rover. Usifikirie hizi za viti vya ngozi mnazoona kwenye video za wasanii. Yake ni 109, ile ndefu, Series IIA ya mwaka 1964, injini ya petroli, taa za mbele zimekaa karibu karibu katikati ya grili kama macho ya bundi. Aliinunua ikiwa tayari imechoka, miaka ya 80, akaitumia kubeba alizeti, maharusi, maiti na wagonjwa wa kukimbizwa hospitali. Kule kijijini kwetu, nje kidogo ya Singida mjini, kuna watu wazima wenye ndevu zao ambao walizaliwa njiani ndani ya gari lile.

Babu akianza stori za magari hamalizi. Atakwambia mwaka 1966 na 1967 ubingwa wa Safari Rally ulichukuliwa na Bert Shankland na Chris Rothwell, watu wa hapa hapa Tanzania, wakiwa na Peugeot 404. Halafu atakwambia kwamba gari la zamani siyo bovu, ila linataka mtu wa kulisikiliza. Mimi nilikuwa naitikia "ndiyo babu" huku naangalia simu.

Siku hizi macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo gari likawa limekaa tu chini ya mti, kuku wanalalia humo. Sasa mnakumbuka Oktoba 2024, Arusha ilivyojaa Land Rover kwenye lile tamasha? Kila ukifungua Insta ni Land Rover, za zamani na mpya. Mimi nikapata wazo. Nilimaliza form four, matokeo tuyaache yapumzike, lakini akili ya kutafuta hela ninayo. Nikawaza: maharusi wa mjini wanataka picha kali, babu ana gari la picha kali. Nikilipiga rangi, nikalifunga muziki, nakodisha laki mbili na nusu kwa siku. Picha tunapigia pembeni ya Ziwa Singidani, mawe yale nyuma, bibi harusi amekaa juu ya boneti. Nani anakataa?

Nikaenda kwa babu. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu, leo umekumbuka njia." Nikamweleza. Akanyamaza, halafu akasema chukua, ila sharti ni moja: "Umeme wa gari hili usiuguse bila kuniuliza."

Nikasema sawa babu. Wiki mbili baadaye nikaugusa.

Ilikuwa hivi. Nilinunua redio mpya na amplifaya. Rafiki yangu mmoja anayefunga muziki kwenye bodaboda na bajaji akaja kunisaidia. Akaunganisha kama anavyounganisha siku zote: waya mwekundu kwenye moto, mweusi kwenye bodi ya gari. Tukawasha. Redio ikatoa moshi mwembamba, harufu ya plastiki, kimya. Elfu themanini imeondoka kwa sekunde mbili.

Tukachunguza. Ndo tukaona ajabu: kwenye betri, waya uliokuwa umefungwa kwenye bodi ulitoka upande wa chanya. Magari yote unayoyajua wewe, IST, Noah, Fuso, hasi ndo inaenda kwenye bodi. Hili la babu lilikuwa kinyume. Rafiki yangu akacheka sana. Akasema wazee wa kijijini walifunga betri kichwa chini miguu juu. Mimi nami nikacheka. Tukaigeuza betri tukaifunga "inavyotakiwa", nikanunua redio nyingine. Tukawasha: stata inazungusha, injini inanguruma, taa zinawaka, redio inaimba. Nikajiona injinia.

Kitu nilichokuwa sijui ni kwamba babu hakukosea. Land Rover za miaka ile zilitoka kiwandani Uingereza hivyo hivyo, chanya ikiwa kwenye bodi. Magari mengi ya Kiingereza ya zamani yalikuwa hivyo, na Land Rover wenyewe walikuja kubadilisha kuelekea mwisho wa miaka ya 60. Siyo hilo tu, magari ya zamani kila moja lina tabia zake za umeme. Zile Volkswagen za mgongo wa kobe, nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 60 zilitumia umeme wa volti 6, siyo 12. Ukilifunga betri ya siku hizi unaunguza taa zote. Kwa hiyo ukiona kitu cha ajabu kwenye gari lililokuzidi umri mara mbili, uliza kwanza. Mimi sikuuliza.

Siku tuliyogeuza betri, kulitokea jambo jingine dogo. Kwenye dashibodi kuna kitaa chekundu. Kikawa hakizimi. Nikamuuliza dereva mmoja pale stendi, akaniambia Land Rover za zamani ndo zilivyo, gari likiwa sailensa kile kitaa huwaka. Basi nikaridhika. Lakini kwenye video kilikuwa kinaharibu muonekano, kinang'aa vibaya. Unajua nilifanya nini? Nikabandika stika juu yake. Stika ya jina la blogu hii hii unayosoma.

Endelea kucheka, bado sijafika.

Betri ya kwanza ikakata moto baada ya siku tatu. Nikasema hiyo ilikuwa ya babu, imezeeka. Nikanunua mpya dukani, N70, laki mbili na ushee. Wiki moja, stata inasema ka, ka, ka, haizungushi. Nikaipeleka kwa fundi wa kuchaji betri, mzee mmoja ambaye ana kibanda chake cha miaka mingi. Akaichaji usiku kucha, nikalipa, siku nne ikafa tena. Nikarudi nimefura. Akachukua kile kijichupa cha kioo cha kunyonyea asidi, akapima kila tundu, matundu yote sita. Akaniambia: "Kijana, betri hii ina njaa, haina ugonjwa. Niletee gari, siyo betri peke yake."

Hayo maneno yashike. Kwenye ile posti ya Desemba sikuyaandika.

Nilimjibu kwamba sina muda, nina harusi Jumamosi, aniuzie betri nyingine. Akasema haya. Akaniuzia betri iliyotumika kidogo, akaichaji ikajaa, na wakati naipakia kwenye boda akarudia: "Lete gari." Nikamwambia nitaleta mzee wangu, huku naondoka.

Harusi yenyewe haikuwa ya watu wadogo. Bwana harusi ni mtu anayejulikana mjini kwetu, na bibi harusi ana wafuasi wengi Insta. Siwataji, na safari hii nina sababu ya kutowataja ambayo nitaifikia. Kanisani tukatoka vizuri. Nikawasha taa zote, muziki juu, msafara wa magari kumi na mbili na bodaboda zikipiga honi, tukatambaa polepole kuzunguka mji. Tukaenda ziwani kupiga picha, muziki bado unalia, taa bado zinawaka. Saa mbili na nusu hivi tangu tutoke kanisani. Bibi harusi akashuka, akapiga picha, akapanda. Nikaipiga stata.

Ka.

Nikapiga tena. Ka. Halafu hata ile ka ikaisha.

Wadau, jua la Desemba, nguo nyeupe ya harusi, wapigapicha watatu, na simu zisizopungua ishirini zote zinarekodi. Dereva mmoja wa Fuso aliyekuwa anapita akasimama akasema ngoja niwape moto. Nikataka kukubali. Mjomba wa bwana harusi akapiga kelele: "Acha! Hilo Fuso ni volti 24, utachoma kila kitu!" Kumbe kweli, malori yale hutumia betri mbili zilizoungwa pamoja, volti 24, na gari letu ni volti 12. Ningeongeza moshi juu ya aibu.

Yule mjomba akauliza kama hendeli ipo. Ipo, chini ya kiti. Akavua koti, akasema zima muziki, zima taa, tuiache betri ipumue dakika tano. Akaichomeka hendeli mbele, akakumbusha kwamba kidole gumba kisiizunguke, kikae upande mmoja na vidole vingine, maana injini ikirudisha nyuma kinavunjika. Akavuta mara ya kwanza, ya pili, ya tatu ikawaka. Watu wakashangilia. Bibi harusi hakushangilia. Aliingia kwenye IST ya rafiki yake, akaondoka, na vumbi la gari lake likaja kwangu lote.

Hela iliyobaki sikulipwa. Maharusi wengine wawili waliokuwa wameshaweka oda wakanipigia kughairi. Na usiku ule ule, nikiwa na hasira, nikaandika.

Sikumtaja jina. Sisi watu wa blogu tunajua kucheza na hilo. Niliandika "fundi mmoja mzee wa betri hapa mjini", nikaweka na alama moja au mbili za kumtambua, siwezi kuzirudia leo. Nikasema ananiuzia betri mbovu, anakula hela za vijana wanaojitafuta. Nikamalizia na vile vikaragosi vya kulia. Asubuhi posti ilikuwa imeshafika kila mahali. Kwenye maoni, mtu wa tatu tu kuandika alikuwa ameshamtambua. Wa kumi alikuwa ameshasema kibanda chake kilipo. Mimi sikufuta hata maoni moja. Nikajiambia, si sikumtaja?

Siku ya nne nikapata ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja, dereva, yuko Manyoni. Hakutukana. Aliandika mstari mmoja: "Dogo, ulipima volti gari likiwa linanguruma?"

Nikataka kumjibu vibaya. Halafu nikaona sina jibu. Sikuwahi kupima chochote. Betri tatu, na sikuwahi kupima hata mara moja.

Nikanunua mita ya elfu kumi na tano, zile za njano. Yule dereva akawa ananielekeza kwa sauti za WhatsApp. Naweka hapa alichonifundisha, piga picha uhifadhi, ni kwa gari lolote la volti 12:

Gari limezimwa na limepumzika saa kadhaa: betri iliyojaa inasoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12 hiyo iko hoi.

Wakati wa kupiga stata: inashuka kidogo, kawaida inabaki juu ya 10. Ikianguka chini ya 9 na kitu, betri imechoka au haijachajiwa.

Injini inanguruma na umekanyaga mafuta kiasi: inatakiwa kupanda, 13.8 hadi 14.4 hivi. Hapo ndo betri inakula.

Hiyo ya tatu ndo yenye siri yote. Betri haitengenezi umeme, inatunza tu. Mpishi ni dainamo, au alteneta kwa magari ya siku hizi. Ili umeme uingie kwenye betri yenye volti 12 na nusu, lazima anayeusukuma awe juu ya hapo. Kama kumwaga maji kutoka ndoo moja kwenda nyingine, ya kumwagia lazima iwe juu.

Nikaanza na IST ya jirani, nikapata 14.2. Safi. Nikaenda kwenye Land Rover. Limezimwa: 12.3. Nikawasha: 11.9. Nikakanyaga mafuta: 11.9. Nikawasha taa: 11.5. Nikazima nikawasha tena nikidhani mita mbovu. 11.9.

Wadau, miguu iliisha nguvu. Gari lilikuwa halichaji kabisa. Betri zote tatu zilikuwa zinaliwa bila kulishwa. Nikafanya na hesabu: taa za mbele zinakula kama ampea 8, koili ya plagi kama 4, amplifaya yangu na makolokolo yake karibu 10. Jumla ishirini na kitu. Betri ya N70 yenye ampea-saa sitini na kitu, ukiitoa ishirini na mbili kila saa, haifiki saa tatu. Saa mbili na nusu tangu kanisani, kumbuka. Betri ya yule mzee ilijitahidi mpaka tone la mwisho.

Nikaibandua ile stika. Kitaa chekundu kilikuwa kinawaka vile vile. Nikakanyaga mafuta, hakikuzimika. Yule dereva akaniambia: ni kweli magari ya dainamo kitaa huwaka sailensa, kwa sababu dainamo ikizunguka polepole haitoi kitu. Ila ukikanyaga mafuta lazima kizimike. Kisipozimika kinakwambia hakuna chaji. Gari lilikuwa linaniambia ukweli siku zote, nami nimeliziba mdomo na jina langu.

Nikaenda kwa babu. Sikuwa na jinsi. Kabla sijamaliza kueleza akauliza: "Betri mliigeuza?"

Nikanyamaza.

"Na dainamo mliiambia?"

Nilidhani ananitania. Kumbe ndo lugha yao mafundi wa zamani. Dainamo ndani ina chuma kinachobaki na usumaku kidogo hata gari likizimwa, na huo usumaku ndo unaoamua upande upi utoe chanya. Ukigeuza betri bila kuigeuza na dainamo, dainamo inaendelea kuzalisha kwa mpangilio wa zamani. Betri inasema huku, dainamo inasema kule. Wanakutana kwenye kiboksi cha kati-auti, kile kinachofungua na kufunga njia ya chaji. Wakigongana pale cheche zinaruka na zile ncha zake zinaungua. Kuanzia siku ile tuliyocheka na rafiki yangu, kiboksi kilikuwa kimekufa. Gari likawaka, taa zikawaka, redio ikaimba, kwa sababu vyote hivyo havijali sana umegeuza au la. Kinachojali ni chaji, na chaji haina sauti.

Babu hakunigombeza. Aliuliza kitu kimoja: "Yule fundi wa betri uliyemsema huko kwenye simu, umeshamwambia?" Nikashangaa amejuaje, hana hata simu ya tachi. Akasema mjini mpaka kijijini ni mbali kwa miguu tu.

Nilikaa siku mbili kabla ya kwenda. Nilipofika, kibanda kilikuwa wazi lakini kimya. Zamani ungekuta betri kumi na kitu zimepangwa chini zinachajiwa, za boda, za sola, za gari. Siku ile zilikuwa mbili. Kijana anayemsaidia hakuwepo. Baadaye nilijua alimwambia apumzike kwanza kwa sababu hakuna kazi ya watu wawili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akaendelea kufuta teminali na maji ya moto.

Nikaongea. Nikamwambia yote, stika, redio, 11.9, kila kitu. Nikamwambia leo leo naandika posti nyingine ya kuomba radhi, kubwa kuliko ile.

Akaniuliza: "Ile ya kwanza uliandika jina langu?"

"Hapana mzee."

"Na watu wakanijua."

"Ndiyo mzee."

"Sasa hii ya radhi ukiandika bila jina langu, nani atajua ni mimi?"

Nikamwambia basi nitaliandika jina, na picha nitaweka. Akakataa kabisa. Akasema jina lake kwenye simu za watu halitaki, si kwa kutukanwa wala kwa kusifiwa, miaka yote amekaa pale bila hilo. Akafuta mikono, akasema sentensi ile ile aliyoniambia mara mbili mwanzoni.

"Lete gari."

Nikalileta. Jumamosi asubuhi, siku watu wanapita wengi, Land Rover nzima yenye rangi niliyoipiga na jina la blogu ubavuni, ikasimama mbele ya kibanda chake, boneti juu. Mtu asiyeijua ile gari mjini kwetu baada ya zile video hayupo. Mzee alifungua kiboksi, akanionyesha ncha zilivyoungua nyeusi kama masizi. Akapata kingine cha zamani kutoka kwenye gari lililokufa. Kisha akauchomoa waya wa fildi kwenye dainamo, akachukua kipande cha waya kutoka kwenye moto wa betri, akagusisha pale kwenye fildi kidogo tu, tch, tch, cheche mbili tatu. "Tayari tumeiambia," akasema. Akabana na mkanda uliokuwa umelegea, akasugua na waya wa bodi uliokuwa na kutu.

Mimi kazi yangu ilikuwa kushika mita. Watu wakawa wanasimama. "Oya, si ndo hii gari? Si ndo huyu mzee uliyemwandika?" Na kila mmoja nilimjibu kwa mdomo wangu mwenyewe: mimi ndo niliharibu, mzee aliniambia nilete gari nikakataa. Nilihesabu mpaka watu thelathini na kitu nikaacha. Wadau, kuomba radhi kwa posti unabonyeza mara moja. Kuomba radhi mara thelathini juani, mwenyewe anakusikia pembeni, ni kitu kingine.

Kwenye saa nane hivi akaniambia washa. Sailensa: 12.4, kitaa kinawaka. Kanyaga mafuta. Namba zikaanza kupanda kwenye mita, 12.9, 13.5, 14.1. Kitaa chekundu kikafifia, kikazimika.

Akanitoza bei kamili, hakupunguza hata mia. Nikalipa. Akaniambia pia niuondoe ule muziki, kwa sababu dainamo ya aina ile mwisho wake ni ampea 22 hivi, na hapo ni gari likiwa kwenye mwendo. Kwenye msafara wa kutambaa haitoi hata nusu. Ama nipunguze mzigo, ama nijichange nifunge alteneta. Nimeuondoa. Maharusi wakitaka muziki watatafuta gari jingine la muziki.

Gari nimelirudisha pale Jumamosi mbili zilizofuata, bila tatizo lolote, limesimama tu mbele ya kibanda. Ya mwisho nilikuta betri saba chini zinachajiwa. Siyo kama zamani. Kijana wake bado hajarudi, nasikia amepata kazi nyingine Dodoma. Hilo siwezi kulirekebisha kwa Jumamosi.

Kwa hiyo kuanzia leo hapa kwenye blogu, kabla sijaandika "mtu mmoja simtaji", nitampigia kwanza huyo mtu mmoja nimsikie. Mtaona stori zimepungua. Mtanivumilia.

Na wewe uliyebadilisha betri mara mbili mwaka huu na unamlaumu muuzaji: nunua mita, washa gari, kanyaga mafuta, soma namba. Halafu rudi hapa chini uniambie ulipata ngapi. Ila ukimkumbuka fundi wako, jina lake usiliandike.